Miaka minne ya uuguzi na ukunga kwenye chuo kikuu cha mkoani

Usiku mmoja wa Aprili 2019, kwenye zahanati niliyokuwa nimepangiwa wilayani Kaliua, mama wa watoto watano alijifungua wa sita. Mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka lote, nami nikaanza kujaza kadi. Nilipoinua macho, kanga aliyolalia ilikuwa imelowa na damu inachuruzika sakafuni. Oksitosini, sindano ya kukaza kizazi, nilikuwa nimeshamchoma. Nikamkanda tumbo, nikamtundikia dripu, nikamkanda tena, kisha nikaishiwa. Nilikuwa na stashahada ya miaka mitatu, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mwanga wa simu aliyokuwa ameishika dada mhudumu wa zahanati. Kwetu m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa kina mama, ilikuwa haijafika. Leo ukipiga 115 bure unatafutiwa gari, lakini usiku ule nilimpigia dereva mwenyewe na akatumia saa mbili kufika. Yule mama alipona. Alipewa damu chupa mbili hospitali ya wilaya akarudi kijijini na mtoto wake. Watu walinipongeza, na mimi nilijua kwamba sikumwokoa mimi.

Ndiyo maana niliomba kwenda kusoma shahada, na ndiyo maana nakipima chuo nilichosoma kwa usiku ule kwanza, kabla ya majengo au matokeo. Nimeona niandike kwa sababu kila dirisha la udahili likifunguliwa napokea simu za wadogo zangu waliomaliza Fomu Siksi na wenzangu wenye stashahada, wote wanauliza swali moja: chuo cha mkoani kinafaa, au mtu ajibane aende jijini? Jina la chuo sitalitaja. Baadhi ya ninayoyasema ni malalamiko, na wapo watu pale wanaofanya kazi kwa moyo ambao sitaki wabebeshwe. Tena nilivyozungumza na waliosoma vyuo vingine vya mikoani, mengi yanafanana.

Kuingia si kugumu kama watu wanavyotishana. Anayetoka kwenye stashahada anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0; mimi nilikuwa na 3.4. Mtumishi wa umma apate barua ya ruhusa ya masomo mapema, maana ukiondoka bila barua unarudi huna kazi. Ada yangu ilikuwa Sh 1,500,000 kwa mwaka, na bima ya NHIF ya mwanafunzi Sh 50,400. Skrabu (sare za wodini) pea mbili, viatu vilivyofunika vidole, saa yenye mshale wa sekunde na mashine ya presha ya mkono ni juu yako. Lakini kinachowamaliza wengi si ada, ni nauli ya wodini. Hospitali tuliyojifunzia ilikuwa kilomita tisa kutoka chuoni. Basi la chuo lilikuwa moja, likienda asubuhi na kurudi saa kumi. Ukiwa zamu ya usiku unajitegemea, na bajaji usiku haikubali chini ya Sh 4,000 mpaka mjazane wanne. Wenzangu waliokuwa na mkopo walipewa bumu (pesa ya kujikimu) la Sh 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kutoka 8,500. Mwezi wa zamu za usiku, pesa hiyo ilikuwa inaishia barabarani na wanakula mlo mmoja. Hili chuo kinalijua na hakijalishughulikia, na mimi naona ni dhambi, kwa sababu msichana mwenye njaa saa tisa usiku ndiye anayehesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni.

Mwaka wa kwanza ni anatomia, fiziolojia, biokemia na mikrobiolojia, na hapo sisi wa stashahada tulikiona. Tulikuwa 68 darasani: 41 wametoka Fomu Siksi, 27 sisi wa makazini. Mimi biokemia nilipata sapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani. Miaka mitano nilikuwa nimechoma sindano bila kujiuliza sukari inageukaje kuwa nguvu ndani ya seli. Aliyenivusha ni binti wa miaka 20 aliyekuwa na mzunguko wa Krebs kichwani kama shairi. Alitukalisha chini ya mwembe nyuma ya maktaba, jioni sita mfululizo, akituchorea kwa kijiti mchangani. Naye tulipoingia wodini mara ya kwanza, mgonjwa aliyekuwa akimlisha uji akakata roho mbele yake, nikamkuta amekaa kwenye ngazi na kikombe bado mkononi. Nilikaa naye. Nilimweleza tunavyomwandaa marehemu, kisha tukarudi tukamwandaa pamoja, tukamfunga kidevu na kumfumba macho kabla ndugu hawajaingia. Kuchanganya vijana wa shuleni na watu wa kazini darasa moja ni jambo bora kabisa la kozi hii, ingawa sikuliona limeandikwa kwenye kipeperushi chochote cha chuo.

Mwaka wa pili ndio ukunga wenyewe unapoanza, na hapa nina mengi.

Mhadhiri wetu wa ukunga, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, hakuanza na vitabu. Alitupeleka kwenye chumba cha mafunzo kwa vitendo, akamtaka kila mmoja wetu, wanaume kwa wanawake, apande kitanda cha kuzalishia na nguo zake, alale chali, miguu juu kwenye vyuma, akae hivyo dakika kumi. Wengine aliwaambia wasimame miguuni pa aliyelala wazungumze habari za chakula cha mchana na mechi ya jana. Nilidhani ni mzaha mpaka ilipofika zamu yangu. Dakika ya tatu kiuno kinauma, huoni anayeingia na anayetoka, na watu wanacheka jambo usilolijua huku wewe umetandazwa. Nilishuka sina la kusema. Nilikuwa nimeshazalisha wanawake wengi Kaliua, wote chali, wengi nikiwapigia kelele "sukuma!" kabla hata mwili wenyewe haujataka, na mara mbili tatu nimelisukuma tumbo kwa mikono yangu kwa sababu mtoto alichelewa. Muhula ule nikajifunza kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka mama achague mkao wake na awe na mtu wake karibu, na halitaki tumbo lisukumwe wala njia ya uzazi ichanwe kwa mazoea. Mama yule mfupi hakunilaumu nilipomweleza. Alisema, "Sasa unajua. Utakaporudi, wafundishe na wengine." Kwa somo hilo peke yake nisingedai ada yangu.

Chumba chenyewe cha mafunzo, hata hivyo, ni aibu kwa chuo kinachopokea wanafunzi 68 kwa mwaka. Sanamu ya kujifunzia kuzalisha ilikuwa moja, mkanda wake umekatika na kufungwa kwa bandeji. Sanamu za watoto wa mazoezi zilikuwa mbili, na ambu, mfuko wa kufinya wa kumpa mtoto hewa, moja. Tuliingia makundi ya watu kumi na mbili kwa saa mbili. Toa dakika za mwalimu kuelekeza, unabaki na dakika nne za kushika kwa mkono wako. Saa tisa na nusu mlango unafungwa na mtunza ufunguo anaondoka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu stadi zenyewe zinaokoa roho na si ngumu. Mtoto asiyelia unamkausha, unamsugua mgongo, unamfungua njia ya hewa, na kama bado hapumui unaanza kumpa hewa kwa ambu kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Dakika ya dhahabu, ndivyo inavyoitwa kwenye mafunzo ya Kuwasaidia Watoto Wapumue. Hospitali nane za hapahapa Tanzania zilipofundisha watumishi wake hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Hakukuwa na mashine ya bei mbaya pale. Ni mikono iliyozoea. Na mikono haizoei kwa dakika nne. Mwaka wa tatu tulimwandikia barua mkuu wa idara, tukapewa ufunguo wa Jumamosi kwa sharti kwamba tusaini kila kifaa. Tangu hapo tulikuwa tunafanya wawili wawili, mmoja anashika saa, mwingine anafinya ambu na kutazama kifua cha sanamu kama kinapanda. Kama chuo kingetupa ufunguo ule tangu mwaka wa kwanza, ningekipa alama nyingine kabisa.

Sasa wodini. Hapa ndipo chuo cha mkoani kinaposhinda, nami nawaambia bila kusita. Hospitali ya rufaa tuliyokwenda ilikuwa inapokea kina mama 15 hadi 20 wa kujifungua kwa siku. Rafiki yangu aliyesoma jijini alinieleza walivyokuwa wakisimama saba kuzunguka kitanda kimoja, mmoja ameshika glavu na sita wanachungulia. Sisi zamu ya usiku tulikuwa wanafunzi watatu. Logibuku ya chuo, daftari la kurekodi kazi za wodini, ilitaka uzalishe kina mama 20 kwa mkono wako chini ya usimamizi. Mimi nilifikisha 20 wiki ya tano nikaendelea bila kuhesabu.

Kwa wanaume wanaoniuliza kwa siri kama watakubaliwa leba: mtakubaliwa, mkiwa na adabu. Kwanza mtaitwa daktari, kila mwanaume wodini ni daktari na kila mwanamke ni nesi. Sahihisha kila mara. Pili, omba ruhusa, na ukikataliwa toka bila kununa. Kina mama wawili walinikataa kwa miaka yote, nikawaita wenzangu wa kike, ikaisha. Ninayemkumbuka zaidi ni bibi mmoja wa Kisukuma aliyemleta mjukuu wake, mimba ya kwanza. Alinikuta mlangoni navaa aproni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana bibi, mimi ni muuguzi. Nasomea ukunga."

"Ukunga? Mwanamume?" Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mkeo anajua?"

"Anajua bibi."

Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama kucha. "Umekata. Haya. Lakini mjukuu wangu usimkaripie. Hapo alipo mguu mmoja uko kaburini."

Miezi michache kabla ya hapo ningelazimika kumwacha nje. Vitanda vya leba vilikuwa wazi, havina pazia, na mtu wa nje akiingia anawaona wote walivyo. Mwongozo wa darasani unasema mama awe na mwenzi wa kumtia moyo. Wodini haiwezekani kwa kukosa kitambaa. Basi darasa letu lilichanga Sh 5,000 kila mmoja, tukanunua vitambaa sokoni, fundi cherehani wa jirani na hosteli akashona kwa bei ya huruma, tukatundika kwenye vitanda vinne vya kwanza kwa kamba na pete za waya. Inchaji wa wodi akaanza kuruhusu ndugu mmoja wa kike kwa vitanda hivyo. Bibi akaingia. Akakaa nyuma ya mjukuu wake akimkanda kiuno na kumsemesha Kisukuma taratibu, na binti akageukia ubavu akajifungua hivyohivyo kwa ubavu, hakuchanika hata kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpokea mtoto mama akiwa amelala ubavu. Vitabu vinasema inawezekana. Bibi alikuwa anajua siku zote.

Ninayolalamikia wodini ni usimamizi. Wahadhiri wa uuguzi walikuwa sita kwa madarasa manne. Walikuja wodini Jumanne na Alhamisi, wakasaini, wakauliza swali moja au mawili, wakawahi darasa jingine. Siwalaumu wao, nalaumu hesabu ya waliowaajiri sita na kudahili mamia. Anayekufundisha kweli ni muuguzi wa zamu, ambaye ana kina mama tisa peke yake, hakuajiriwa kufundisha, halipwi hata nauli kwa kazi hiyo, na amechoka. Kutoka kwa aliyechoka unajifunza pia njia za mkato. Mbaya kuliko zote ni kupika patogramu. Patogramu ni ile karatasi ambayo unachora njia ya uzazi inavyofunguka saa kwa saa, mapigo ya moyo wa mtoto, presha ya mama. Inatakiwa ichorwe uchungu ukiendelea, ili ikuonye. Ikijazwa mtoto akiwa ameshazaliwa, na mistari yote imenyooka vizuri, haimwonyi mtu yeyote. Wanafunzi wa mwaka wa pili niliwaona wakikabidhiwa kalamu waijaze hivyo, nao wakadhani ndiyo kazi yenyewe.

Kuna mkanganyiko mwingine. Darasani tulifundishwa fomu mpya ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, inayoanza kuhesabu uchungu wa kasi njia ikiwa imefunguka sentimita 5. Wodini karatasi zilizokuwepo ni zile za zamani za sentimita 4. Mtihani unauliza ya kwanza, kitanda kinauliza ya pili. Mwanafunzi mwepesi anazijua zote mbili. Mwanafunzi wa kawaida anachanganyikiwa na kuacha kuamini karatasi kabisa. Chuo na hospitali vinatenganishwa na kilomita tisa tu, wangeweza kukaa mezani nusu siku wakakubaliana.

Aliyeniponya na ugonjwa huu ni sista mmoja aliyekuwa amebakiza mwaka kustaafu. Hakuwa na shahada. Alikuwa na fetoskopu ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni, ile kama tarumbeta ndogo, mpini wake umeng'aa kwa mikono ya miaka yote. Alikuwa anatuwekea sikio tumboni mwa mama na kusema, "Usinitajie namba kabla dakika haijaisha." Wengi wanahesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne. Yeye hapana, dakika nzima, kila nusu saa, uandike hapohapo. Usiku mmoja nilihesabu 138, nusu saa baadaye 132, nusu saa nyingine, mara baada ya mkazo kuachia, 104. Kawaida ni 110 hadi 160. Nilitaka kurudia kabla ya kusema, nikiogopa kuonekana sijui kuhesabu. Alinitazama usoni tu, akachukua fetoskopu, akasikiliza, akamgeuza mama ubavu wa kushoto na kumwita daktari palepale. Njia ilikuwa sentimita 6 na mstari wa kwenye karatasi ulishavuka ule wa tahadhari. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, akalia. Ningekuwa najaza karatasi ile baadaye, ningeandika 136 na mtoto amefia tumboni.

Watu kama sista huyu ndio chuo. Hawamo kwenye orodha ya wafanyakazi wa chuo, hawamo kwenye mahafali, na hakuna mhadhiri niliyemsikia akiwashukuru kwa majina. Kama kuna fungu lolote la fedha za mafunzo kwa vitendo kwenye ada yangu ya miaka minne, sehemu yake ilikuwa haki yake.

Na damu, iliyonipeleka pale. Ilifundishwa mwaka wa tatu, na ilifundishwa vizuri. Sababu kubwa ya mama kuvuja damu baada ya kujifungua ni kizazi kulegea, kwa hiyo unakikanda. Kibofu kikijaa kinakizuia kujikaza, kwa hiyo unakitoa mkojo, jambo ambalo Kaliua sikulikumbuka. Kuna dawa ya traneksamiki inayotakiwa ipewe ndani ya saa tatu, na kila dakika inayopita inaipunguzia nguvu. Na kuna kukandamiza kizazi kwa mikono miwili, mmoja ndani umekunjwa ngumi, mwingine juu ya tumbo, unakibana katikati mpaka damu isimame au msaada ufike. Nilipoonyeshwa hilo kwenye sanamu nilitoka nje nikasimama uwanjani muda mrefu. Usiku ule Kaliua nilikuwa na mikono miwili na saa mbili za kusubiri gari.

Tulielezwa pia utafiti wa E-MOTIVE uliotoka mwaka 2023, ambao Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama anawekewa mfuko wa plastiki wenye vipimo chini yake ili damu ionekane ni kiasi gani, badala ya kukisia kwa macho kwenye kanga, na matibabu yote yanatolewa kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Kuvuja damu kwa kutisha kulipungua kwa asilimia 60. Mifuko yenyewe wodini kwetu niliiona wiki tatu, ikaisha, tukarudi kwenye kanga. Lakini hesabu ilishanikaa: kanga iliyolowa kabisa haiitwi "damu kidogo".

Machi ya mwaka wa nne nilikuwa zamu na sista akaniita kitanda cha tano. Mapacha, kizazi kimelegea. Akasema, "Ingiza mkono, mimi nachoma dawa." Nilikaa na mkono ule kama dakika kumi na mbili, ukaingia ganzi mpaka kiwikoni, na nikahisi chini ya kiganja changu kizazi kikianza kukaza, kidogo kidogo, kikawa kigumu kama chungwa bichi. Sijui kama nimewahi kuhisi kitu kingine cha namna ile. Sista aliendelea kuandika muda wa kila dawa kwenye karatasi, kwa kalamu, palepale.

Mengine nayapitia haraka. Hosteli ni vyumba vya watu sita, maji kwa zamu, nunueni ndoo yenye mfuniko. Chakula cha mama ntilie wa getini ni bora kuliko cha kantini. Wiki tatu za afya ya akili tulizokwenda Mirembe, Dodoma, zilinibadilisha kuliko nilivyotarajia; wauguzi wa pale wanajua kukaa kimya na mgonjwa, stadi ambayo wodi zetu nyingine zimeipoteza. Utafiti wa mwaka wa nne ulikuwa dhaifu, msimamizi mmoja alikuwa na wanafunzi 14, takwimu tulifundishana wenyewe. Maktaba ina vitabu vizuri lakini vya zamani, na intaneti inapatikana alfajiri.

Kuhusu baada ya kuhitimu, wadogo zangu wa Fomu Siksi wajue bado kuna mwaka mmoja wa mafunzo tarajali na mtihani wa Baraza, kisha kusubiri ajira, na kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu. Binti wa biokemia amemaliza, ni muuguzi mzuri kuniliko, na bado anajitolea bila mshahara. Mimi nimerudi kazini, sasa niko kituo cha afya. Mpaka naandika haya sijabadilishiwa muundo na nalipwa kama mwenye stashahada. Anayekwenda kusoma kwa kutegemea mshahara upande mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu ajiandae kuumia.

Je, ningerudia? Ndiyo, chuo kilekile. Nilikwenda kutafuta la kufanya dawa ikishachomwa na gari likiwa bado liko njiani, nikalipata. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015/16 mpaka 104 kwenye ule wa 2022, na kila aliyebaki kwenye hesabu hiyo ana jina na watoto nyumbani. Kazi iliyobaki iko kwenye zahanati na vituo kama changu, na watu wa kuifanya wanatengenezwa kwenye wodi zenye kina mama wengi na wanafunzi wachache.

Kwa hiyo kabla hujachagua, panda basi uende. Usiishie getini chuoni kutazama ghorofa. Nenda hospitali wanakojifunzia, saa moja na nusu asubuhi wakati zamu zinakabidhiana, uwaulize wanafunzi wanaotoka usiku mambo matatu: walikuwa wangapi, wamezalisha wangapi, na nani amewasainia. Ukiruhusiwa kufika mlangoni leba, chungulia kwa adabu. Ukiona vitanda vinne vya kwanza vina mapazia ya kijani yenye maua madogo meupe, yametundikwa kwa kamba na pete za waya, basi umefika nilikosoma mimi.